"Timu ya moyo" ni kitu gani hasa?

Watu wakisikia timu ya madaktari wa moyo wanadhani ni jopo limekaa chumba kimoja huko Nairobi na mgonjwa katikati. Siyo. Ni watu kadhaa, kila mtu ana kipande chake, wengine hawajawahi kuonana, ila wote wanafuata faili moja.

Chukua QT ndefu, ugonjwa wa nadra wa moyo, kama mtu 1 kwa 2,000; QT ni muda ambao moyo unatumia kujipanga upya kwa umeme baada ya kila pigo. Hapa umeme unachelewa kujipanga, pigo zikivurugika mtu anaanguka ghafla, akizinduka hajui kilichompata. Huku kwetu Lamu ataambiwa ana kifafa ama kapandwa na jini, asomewe mwaka mzima na ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, hajapigwa hata moja. Alafu kuna aina yake inayopenda kuamka mtu akiogelea, sasa wewe fikiria wale watoto wanavyojirusha pale gatini maji yakijaa. Aina nyingine inaamshwa na kelele ya ghafla, hata alamu ya simu.

Sasa timu: daktari wa moyo anasoma ECG na kukuandikia dawa kama propranololi, ya kila siku, hairukwi. Mtaalamu wa umeme wa moyo anaamua kama utawekewa kile kifaa cha kushtua moyo chini ya ngozi. Mtu wa jeni naye ni lazima, manake kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, kwa hiyo ndugu wote wapimwe, hata yule ambaye hajawahi kuanguka.

Lakini mimi anayenitia wasiwasi zaidi ni muuza dawa wa mtaani, na ndiye hakuna anayemhesabu. Klorokwini ya malaria, erithromaisini ya bakteria, hata flukonazoli ya fangasi, zote zinarefusha QT, na mtu ananunua tu. Huyo apewe orodha ya dawa za kuepuka. Mwalimu wa shule na wa madrasa nao wafundishwe kukandamiza kifua moyo wa mtu ukisimama.

Na faili lishikwe na mtu mmoja wa nyumbani, mama au dada mkubwa, siyo hospitali. ECG zote, za zamani na mpya, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, maana boti ya kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, unaijua ikianza kurusha maji.