Umati wa Sabasaba si wateja wako

"Dada, kule watu wamejaa, siwezi kukosa hela." Kila maonyesho ya biashara ya Sabasaba, pale Kilwa Road Dar es Salaam, yanapokaribia, meseji za namna hii zinaanza kuingia. Anayeandika hajawahi kuuza chakula kwenye maonyesho, lakini hesabu ameshapiga: watakaoingia getini ni maelfu, yeye akipata mia tano tu kwa siku, zidisha kwa bei, zidisha kwa siku zote mpaka viwanja vifungwe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Hesabu hiyo inaanzia getini wakati ilitakiwa ianzie jikoni. Watu wa maonyesho wanataka chakula cha kushiba kwa pamoja, kuanzia kama saa sita na nusu hadi saa tisa. Kabla ya hapo wanazunguka mabanda. Baada ya hapo ni maji, soda, mahindi ya kuchoma na kutafuta daladala. Una saa mbili na nusu za kuuza, na kitu cha kujiuliza ni mikono uliyonayo inaweza kutoa sahani ngapi ndani ya muda huo.

Chukua chipsi mayai, ambayo kila anayeanza anaing'ang'ania kwa sababu "hakuna asiyeipenda". Sawa, wanaipenda. Lakini hata kama viazi umeshavikaanga nusu tangu asubuhi, kila sahani inadai kikaango chake: mafuta, chipsi, mayai, subiri ishike, geuza, subiri tena. Dakika tano, na hapo mpishi ni mwepesi. Kikaango kimoja kinatoa 12 kwa saa, yaani 30 kwa mchana wote. Weka vitatu, umefika 90, na mpishi hana hata nafasi ya kufuta jasho. Sasa njoo kwenye pilau. Kilo moja ya mchele inatoa sahani nane au tisa. Sufuria ya kilo 10 iwe imeshaiva saa tano na nusu, nyingine zije nyuma yake, mpakuaji mmoja atatoa sahani mbili kwa dakika bila kuhangaika. Muda uleule, banda lilelile, uwezo wa sahani 300. Mwenye chipsi mayai anaona foleni imefika barabarani anafurahi, kumbe wa nyuma wameshaanza kuhamia kwa jirani na hatawaona tena.

Kwa hiyo vyakula viwili, vitatu basi, na vyote viwe vya kupakua. Mishkaki iwe ya pembeni, ichomwe mfululizo hata kama hakuna aliyeagiza bado. Mtu wa hela asiguse chakula, na mtu wa chakula asiguse hela. Hilo ni la usafi, lakini pia ni la kasi. Na bei iwe ya noti nzima. Sahani ya 5,000 inalipwa na kuondoka. Ya 4,500 inakufanya utafute mia tano kila mara, wakati huohuo anayelipa kwa simu anasubiri ujumbe kwa sababu mtandao umeelemewa na watu. Chenji ziwe tayari tangu jana yake.

Wateja wa uhakika ni wale wasiohesabiwa getini: wahudumu wa mabanda mengine, walinzi, mafundi wa mahema. Hao wanakula kila siku na hawana pa kwenda. Saa tatu asubuhi tuma kijana mwenye daftari apite banda kwa banda kuchukua oda, chakula kipelekwe saa sita kabla wageni hawajajaa. Hapo umeshauza sehemu ya sufuria ya kwanza kabla foleni haijaanza.

Siku ya kwanza upike kilo ngapi? Ni kubahatisha, na atakayekuambia ana kanuni anakudanganya. Mvua, mechi ya Simba na Yanga, kiongozi kufungua maonyesho na barabara kufungwa, kila kimoja kinaweza kuvuruga makadirio yako. Mimi napika kidogo kidogo na kuacha mchele mkavu kwenye gunia, kwa sababu mchele mkavu haunidai chochote. Uliopikwa unadai.

Hapa sina mzaha kabisa. Wali ukiachwa uvuguvugu, bakteria aitwaye Bacillus cereus anazaliana, maana mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Sumu anayoacha haiondoki ukipasha moto. Sufuria ikae juu ya mkaa hai, mfuniko umefungwa, chakula kibaki nyuzi 60 au zaidi. Nimeona mabanda mkaa umekuwa majivu saa nane, na mpakuaji anaendelea kupakua. Pilau ya jana usimuuzie mtu.

Vibali havina maajabu: leseni, cheti cha kupima afya kwa kila anayegusa chakula, na afisa afya atapita, tena mara nyingi bila taarifa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nunua vifungashio mapema. Na uwe na jibu la kweli kuhusu nani kachinja nyama, kwa sababu utaulizwa.

Usidhani pia kwamba menyu ya Kilwa Road inahamia popote. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane Mbeya ni baridi ya Agosti. Juisi yako itakudodea huku supu na chai ya tangawizi vikigombaniwa. Dodoma ni upepo na vumbi, kila chakula kinataka mfuniko. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, ni biashara ya usiku, na hatua chache kutoka Ngome Kongwe, ukumbi wake wa miaka mingi, ipo Forodhani, soko la chakula la usiku, na urojo wake. Ukienda kule na pilau ya mchana utarudi nayo.

Oda za mabanda zina ubaya mmoja, mikopo. "Tutalipa siku ya mwisho." Siku ya mwisho watu wanaanza kukunja mahema mchana, na msimamizi aliyeagiza ameshapanda gari. Kusanya madeni kila jioni, na asiyelipa leo, kesho daftari lisipite kwake.