4K ni nini hasa?

Mpwa wangu wa Gredi ya Tano alirudi nyumbani na barua ya kuomba ruhusa ya kujiunga na klabu ya 4K. Mama yake akanipigia simu. "Kaka, hii si ile ya kulimisha watoto?"

Nilimwelewa dada yangu. Shuleni kwetu, shamba lilikuwa mahali pa adhabu. Ukichelewa, jembe. Ukipiga kelele darasani, jembe. Na mahindi yakikomaa, hukujua yalikokwenda. Ndiyo sababu naona neno hili linafaa kufafanuliwa vizuri, maana 4K ikifanywa inavyostahili ni kinyume kabisa cha tuliyoyapitia.

4K ni kifupi cha Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Ni klabu ya wanafunzi wanaojifunza kulima, kufuga, kula vizuri na kuendesha shughuli zao kwa kuzitenda wenyewe. Vilabu hivi vilikuwapo nchini tangu miaka ya sitini, vikafifia, kisha Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta akavizindua upya.

Asili yake ni 4-H ya Marekani, ambayo historia yake huanzia mwaka 1902 katika kaunti ya Clark, jimbo la Ohio, ambako msimamizi wa shule aliyeitwa A. B. Graham aliwakusanya watoto wafanye majaribio ya mahindi na udongo. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wameona kwamba wakulima wazima walisita kupokea mbinu mpya, lakini vijana walizijaribu, na wazazi wakajionea mavuno. H zile nne ni kichwa, moyo, mikono na afya, maneno ambayo kwa Kiingereza huanza kwa herufi hiyo. Napenda tofauti iliyopo hapo: H zinataja alicho nacho mtoto, K zetu tatu za kwanza zinataja anachotenda, na ya nne inasema anamtendea nani.

Uzito wote uko kwenye Kufanya. Chukua kitalu cha sukuma wiki. Watoto huchora vifereji vyenye kina cha sentimita moja hivi, humwaga mbegu, hufukia na kutandaza nyasi kavu juu. Mbegu zikiota, nyasi huondolewa na kujengwa kivuli chepesi. Baada ya wiki nne hadi sita miche huwa tayari kuhamishwa, ila siku chache kabla ya hapo maji hupunguzwa ili izoee ugumu wa shambani. Huhamishwa jioni, jua likishapoa, udongo ukiwa bado umeshikana na mizizi. Haya yote yanaweza kuandikwa ubaoni yakakaririwa kwa ajili ya mtihani. Lakini mtoto aliyeng'oa mche kwa kuuvuta shina, ukamkatikia mkononi, hahitaji tena kukumbushwa.

Kisha kuna daftari. Tuseme klabu imetumia shilingi 300 kwa mbegu na mbolea, ikauza mafungu 40 kwa shilingi 10 kila moja. Zimeingia 400, faida ni 100. Hapo mtoto mmoja atauliza: na zamu zetu za kunyunyizia maji, mbona hazikuhesabiwa? Swali hilo moja ni somo la biashara ambalo watu wazima wengi hawajalipata.

Klabu huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wote wanafunzi. Wanaitisha mikutano, wanaandika kumbukumbu, wanabishana kama wanunue sungura au kuku, wanapiga kura. Mwalimu mlezi anaelekeza tu. Shule ya mjini isiyo na shamba hutumia magunia: udongo uliochanganywa na samadi, kokoto katikati za kupitisha maji, na miche kwenye matundu ya ubavuni.

Mzazi ukiletewa barua kama ile, muulize mwalimu mlezi mambo matatu. Nani aliamua kitakachopandwa? Mazao yanakwenda wapi? Daftari la pesa linashikwa na nani? Ikiwa watoto hawamo katika jibu hata moja, hicho ni kibarua kilichopewa jina la 4K, na una haki ya kusema hivyo kwenye mkutano wa wazazi.

Dada aliuliza, akaridhika, akatia sahihi. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mpwa wangu nyuma ya nyumba na gunia kuukuu la mahindi, akipima kwa shubiri yake nafasi kati ya tundu na tundu. Niliinama nimsaidie kutoboa.

"Mjomba, subiri kwanza," akaniambia. "Bado sijaandika kwenye daftari."