Titi jipya kwa nyama ya tumbo: tunayoambizana Ujiji na ukweli wake

Mama mdogo alikatwa titi kwa saratani miaka minne iliyopita. Tangu hapo, akienda sokoni hutia kipande cha khanga ndani ya sidiria. Juzi nilipomtajia upasuaji wa kujenga titi kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe, watu wote ukumbini walijibu kwa niaba yake.

"Mwili utaikataa." Si kweli. Mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine, kama figo ya kupewa. Mafuta na ngozi ya tumbo lako ni wewe mwenyewe. Hatari halisi iko kwenye damu. Daktari hutoa kipande chini ya kitovu pamoja na ateri na vena zake, hukipeleka kifuani, kisha kwa hadubini huiunganisha mishipa hiyo, yenye upana wa milimita chache tu, na mishipa ya kifuani, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikiganda kwenye maungio hayo, kipande kinaweza kufa. Ndiyo maana siku za mwanzo wauguzi hukikagua mara kwa mara, usiku na mchana: rangi, joto, mapigo. Kikibadilika, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji bila kuchelewa. Hutokea kwa wachache, na mvuta sigara yuko hatarini zaidi.

"Watachukua msuli, hatabeba ndoo tena." Hofu hii ina chanzo. Njia iliyoelezwa Marekani mwaka 1982 ilihamisha msuli wa tumbo, na baadhi ya wanawake walibaki na tumbo dhaifu au ngiri. Njia iliyokuja baadaye huichomoa mishipa katikati ya nyuzi za msuli, msuli wenyewe ukaachwa mahali pake. Ndoo itangoja wiki kadhaa, basi. Asiye na mafuta tumboni huweza kutolewa pajani au mgongoni.

"Saratani itarudi kupitia titi jipya." Kujenga titi hakuongezi uwezekano wa saratani kurudi. Kliniki za ufuatiliaji zinaendelea vilevile.

"Amechelewa." Hata baada ya miaka inawezekana. Na kwa aliyepigwa mionzi, nyama yake mara nyingi hukaa vizuri kuliko mfuko wa silikoni unaowekwa kifuani, ambao mwili huweza kuuzungushia kovu gumu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema ukumbini, nami naona lazima lisemwe: titi hilo halitatoa maziwa, huenda likawa na ganzi, chuchu hutengenezwa baadaye, na kovu la tumbo hutoka nyonga hadi nyonga. Anayechagua kubaki na khanga yake hajakosea.

Upasuaji huu unataka daktari bingwa na hadubini, kwa hiyo mama mdogo anapokwenda kliniki Maweni, hospitali ya mkoa wetu wa Kigoma, swali la kuuliza ni rufaa. Yeye aliniuliza moja tu: litakuwa na joto? Ndiyo, mama. Damu yako ndiyo itakayopita humo.