Chawa wa kichwani hawachagui kichwa safi

Juzi, baada ya tangazo la kila wiki la shule kuwafikia wazazi likiwa na mistari mitatu kuhusu chawa katika darasa la tatu, mama mmoja alinifuata hadi chumba cha huduma ya kwanza, akafunga mlango na kusema kwa sauti ya chini, “Nesi, mwanangu huoga kila siku, hawezi kuwa yeye.” Sikuwa nimemtaja mtoto yeyote. Maneno hayo nayasikia kila muhula, na safari hii nayajibu kwa maandishi, kwa sababu imani kwamba chawa huletwa na uchafu huwaumiza watoto kuliko chawa wenyewe.

Chawa wa kichwani hula damu, hali uchafu. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3, hana mabawa wala miguu ya kurukia kama kiroboto, na huhama kwa kutambaa vichwa vinapogusana. Anachohitaji ni ngozi yenye joto na unywele wa kushika, navyo vipo hata kwenye kichwa kilichooshwa asubuhi hii. Nadhani watu humchanganya na chawa wa mwilini, anayeishi kwenye mishono ya nguo zisizofuliwa na anayeweza kueneza magonjwa. Huyu wa kichwani haenezi. Hufuata urafiki: wawili wanaosoma kitabu kimoja, ndugu wanaolala kitanda kimoja.

Kinachonikera zaidi ni desturi ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mwalimu ameona vidoa vyeupe kwenye nywele. Chawa jike hugandisha yai kwenye unywele, kwa kawaida ndani ya milimita 6 kutoka kwenye ngozi, nalo huanguliwa baada ya takriban siku 7 hadi 10. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo ganda linaloonekana sentimita 2 kutoka kwenye ngozi lina umri wa miezi miwili hivi na halina kitu ndani, lakini mtoto amekwisha kutolewa darasani mbele ya wenzake. Hata akiwa na chawa hai, mwasho ni mzio wa mate yao, na kwa mtoto anayewapata kwa mara ya kwanza unaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Amekaa na rafiki zake mwezi mzima, na kumfukuza saa nne asubuhi leo hakumkingi yeyote. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinasema wazi kwamba mtoto mwenye afya asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu ya chawa au mayai yao.

Kuhusu tiba nitasema kwa kifupi: dawa ya permethrini ya asilimia 1, irudiwe baada ya siku 9 hivi, au kuchana nywele mbichi kwa kitana chenye meno ya karibu sana kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki mbili. Mafuta ya taa, kamwe. Chawa aliyetoka kichwani hufa ndani ya siku 1 au 2, hivyo fua foronya na mashuka kwa maji ya moto, basi.

Nina shaka na tangazo langu mwenyewe. Huwafanya wazazi wakague, lakini pia huanzisha msako wa aliyeleta chawa, na nimebadilisha maneno yake mara nyingi bila kuuzima msako huo. Kukagua darasa zima kwa foleni nimeacha, kwa kuwa sikuona chawa wakipungua, niliona watoto wakilia.

Yule mama nilimketisha karibu na dirisha pamoja na mwanawe. Tulilowesha nywele, tukapitisha kitana nyuma ya masikio na kwenye kisogo, tukikipangusa kila mara kwenye karatasi nyeupe. Alitoka mmoja, wa rangi ya kahawia, akijongea polepole. Mama alimtazama kwa muda, kisha akaomba kitana aendelee mwenyewe, na mtoto akarudi darasani kabla kipindi cha hesabu hakijaisha.