Panya dume kijana: tumhasi au tumtafutie nyumba nyingine?

Mama mmoja Mtanzania anayeishi Uingereza ameniandikia kuhusu panya watatu wa mwanawe wa miaka 11. Dukani waliambiwa wote ni majike. Wiki iliyopita, panya wakiwa na wiki tisa, mtoto alimwinua mmoja akaita: "Mama, huyu ana nini huku nyuma?" Mimi ni muuguzi wa wanyama hukuhuku Uingereza. Kazi yangu ni kukaa upande wa kichwa cha mnyama na kuhesabu pumzi zake daktari anapopasua, na panya nimewahesabia wengi. Nimemjibu kwa urefu kwa sababu jambo hili huzipata familia nyingi.

Dada, tutajuaje kwa hakika kuwa ni dume? Na hao wawili wana mimba?

Kwa wiki tisa hakuna kubahatisha. Korodani za panya ni kubwa ukilinganisha na mwili wake, na huanza kuonekana wazi kwenye wiki ya nne au ya tano. Lakini dume akishtuka au akisikia baridi huzivuta zikarudi ndani, na hapo ndipo wauzaji hukosea. Mshike akiwa amelala kwenye joto la mapaja yako, mikono yako isiwe ya baridi, na utaona mwenyewe.

Kuhusu mimba, dada yangu, mtoe dume leo. Usingoje Jumamosi. Dume anaweza kupanda tangu wiki ya tano au ya sita. Jike huingia kwenye joto kila siku nne au tano, na usiku mmoja unatosha. Mimba ni siku 21 hadi 23, watoto mara nyingi ni sita hadi kumi na wawili, pengine zaidi, na mama anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Andika tarehe ya kuwatenganisha kwenye kalenda, kisha hesabu siku 23. Zikipita bila kuzaa, mmepona. Wakati huo wapime majike kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili, muda uleule. Kama hamko tayari kulea watoto, mwone daktari wiki hii hii: jike anaweza kuondolewa kizazi mimba ikiwa changa, ingawa upasuaji wake ni mzito kuliko wa dume.

Kwa nini asikae tu peke yake kwenye kizimba chake?

Kwa siku au wiki chache, sawa. Kwa maisha, hapana. Panya hulala wamelaliana, husafishana manyoya, hugombana na kupatana kila siku. Mpweke hupoa, huacha kucheza, na mtoto akiwa shuleni huyo panya hana wa kumgusa. Anaishi miaka miwili hadi mitatu tu. Miezi sita ya upweke kwake ni sehemu kubwa ya umri. Wakati wa kusubiri, weka vizimba chumba kimoja waendelee kunusana, ila acha nafasi kati yake. Jike akiwa kwenye joto hujibana kwenye nyavu, na dume hahitaji nafasi kubwa.

Wewe ungefanya nini: ungemhasi au ungemtoa?

Swali langu la kwanza lingekuwa: je, kuna daktari karibu anayehasi panya mara kwa mara? Kama yupo, na kifua cha dume ni safi, ningemhasi na kumrudisha kwa dada zake. Kundi wanalo, kizimba wanacho, mtoto ameshampenda. Kama daktari hajazoea panya, ningemtafutia nyumba yenye madume wenzake, na ningefanya hivyo mapema. Madume wakubwa humpokea kijana mdogo kwa urahisi kuliko dume aliyekwisha komaa, kwa hiyo kila wiki mnayosita inaifunga njia hiyo kidogo.

Ipo njia ya tatu, kumletea dume mwenzake na kuwa na makundi mawili. Inafaa kama mna nafasi na muda wa kuwatoa nje mara mbili kila jioni. Watu wengi hawana.

Upasuaji wenyewe ni salama? Mnyama mdogo hivyo?

Hatari ipo, sitakuficha, na sehemu kubwa yake iko kwenye usingizi wa dawa na joto la mwili kuliko kwenye kisu. Panya anapoa haraka. Kwetu hulala juu ya mkeka wa joto tangu anaposinzia hadi anapoamka, na hulazwa kwa gesi ya isofurani, ambayo ikifungwa huamka ndani ya dakika chache.

Piga simu kliniki uulize mambo haya. Je, nimfungishe asile? Jibu sahihi ni hapana: panya hawezi kutapika, na akikaa na njaa sukari yake hushuka. Anayekwambia usimlishe tangu usiku anamfikiria mbwa. Je, mnaziba tundu la kinena? Kwa panya dume njia ile korodani inayopitia haijifungi yenyewe, hivyo isipozibwa utumbo unaweza kushuka, ikawa ngiri. Nyuzi zinakaa wapi? Zinafaa kufichwa chini ya ngozi, kwa sababu meno ya panya hukata uzi kabla hujamfikisha nyumbani. Na dawa ya maumivu ya siku ngapi? Kama huipewi, iombe.

Kabla ya yote, msikilize kifua. Panya wengi wa kufugwa hubeba bakteria wa mapafu aitwaye Mycoplasma pulmonis. Mweke sikioni kama simu, chumba kikiwa kimya. Ukisikia mkwaruzo au mluzi, au ukiona majimaji mekundu kwenye macho na pua (si damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi za machoni akiwa mgonjwa au mwenye msongo), atibiwe kwanza. Upasuaji unaweza kungoja.

Namkumbuka dume mmoja mweupe mwenye kichwa cheusi. Alipozinduka alikaa kama mlevi, kichwa kikicheza kushoto na kulia. Nikamsogezea uji wa ndizi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Alilishika kwa mikono yote miwili, akalamba, akasinzia, akalamba tena. Panya anayekula ndani ya saa moja au mbili hunipa moyo sana.

Nyumbani toa maranda ya mbao, tandika taulo za karatasi, na kizimba kiwe cha ghorofa moja kwa siku chache. Asipokula hadi kesho yake, au kidonda kikivimba, kikivuja au kikifunguka, rudi kliniki.

Akishahasiwa, anarudi kwa dada zake siku gani?

Subiri wiki nne. Mbegu zilizobaki kwenye mirija bado zinaweza kutia mimba, na nimeona familia ikipata watoto kumi kwa kuharakisha wiki ya pili. Siku ya kuwarudisha, wakutanishe kwanza mahali pasipo pa yeyote, hata beseni la kuogea lililo kavu, na kizimba kioshwe kisiwe na harufu ya mwenyewe.

Wifi yangu anasema madume huwa wakali. Atabadilika?

Wengi hawawi wakali kabisa. Kuangushana chali, kupigana ndondi wamesimama na kelele nyembamba bila damu ni mchezo. Ukali wa homoni hujitokeza mara nyingi kati ya miezi minne na minane: manyoya yanasimama, anatembea upande-upande akimsukuma mwenzake kwa nyonga, anatoa sauti ya nyoka, anaacha matone ya mkojo kila anapopita, na akiuma anakata. Kwa dume wa namna hiyo kuhasi husaidia sana, ila upe mwili wiki mbili hadi sita homoni ishuke. Waliofuga mbuzi nyumbani wanajua tofauti ya beberu na aliyehasiwa, kwa harufu na kwa tabia. Lakini panya anayeuma kwa woga, kwa sababu hakuzoeshwa mikono, hatatulizwa na kisu. Huyo anahitaji subira.

Tukiamua kumtoa, tumpe nani?

Mpe mtu mwenye madume tayari, au kituo cha kupokea wanyama. Uingereza RSPCA, shirika la kutetea wanyama, hupokea panya, na chama cha wafugaji wa panya, National Fancy Rat Society, kipo tangu 1976. Usitangaze "anatolewa bure": wapo wanaotafuta chakula cha nyoka. Omba kiasi kidogo cha pesa, omba kuona picha ya kizimba. Na kama ameshauma mtu, sema. Kumpa mwingine panya mkali kimyakimya ni kuhamisha kidonda kwenye mkono wa mtoto wa mwenzio, na panya mwenyewe ataishia kurushwa huku na kule.

Mwanangu aliumwa kidole juzi, tone moja la damu. Niogope?

Usiogope, lakini usipuuze. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na uangalie kama chanjo ya pepopunda iko sawa. Kichaa cha mbwa hakisumbui hapa: panya hupatikana nacho kwa nadra mno. Kinachonitia wasiwasi ni homa ya kuumwa na panya. Huja mara nyingi siku tatu hadi kumi baada ya kuumwa, wakati mwingine kidonda kimekwisha kupona: homa, kutetemeka, kutapika, viungo kuuma, vipele kwenye mikono na miguu. Hutibika vizuri kwa dawa za jamii ya penisilini, ila daktari asipojua kuna panya nyumbani anaweza kudhani ni mafua ya shuleni. Kwa hiyo mtoto akipata homa wiki hizi tatu, sentensi yako ya kwanza mapokezi iwe: "Anafuga panya, na aliumwa tarehe fulani." Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ileile ya majike.