Kabla hujauliza bei ya botoksi

Simu nyingi zinazoingia kliniki huanza hivi: "Dokta, botoksi shilingi ngapi?" Nami hurudisha swali: ya wapi, na unataka ikusaidie nini? Hapo ndipo mazungumzo hukwama, maana siku hizi kila sindano inayogusa uso inaitwa botoksi. Midomo iliyojazwa, botoksi. Dripu ya kung'arisha ngozi, botoksi. Hata damu yako mwenyewe inayochujwa na kurudishwa usoni kwa sindano, nayo utasikia ikiitwa botoksi.

Mimi ni daktari wa ngozi, niko Dar es Salaam, na sindano hizi ni sehemu ya kazi yangu ya kila wiki. Sizipingi. Ila makunyanzi mengi ninayoonyeshwa hayatibiki kwa sindano ambayo mwenyewe amekuja kuitaka, na mengine hayahitaji sindano kabisa. Kujua la kwako ni lipi kunaokoa pesa, na wakati mwingine kunaokoa jicho.

Tuanze na kioo. Simama penye mwanga wa dirishani, kunja ndita kama konda amekwambia nauli imepanda, kisha uachie uso. Mistari iliyosimama katikati ya nyusi ikipotea, hiyo ni kazi ya msuli. Ikibaki hata uso ukiwa umetulia, ngozi imekunjwa palepale kwa miaka hadi alama ikashika. Sindano itaipunguza, lakini usitarajie ifutike kwa mara moja. Sasa weka vidole juu ya shavu, ulisukume kidogo kuelekea sikioni. Mfereji unaotoka puani hadi pembe ya mdomo ukififia, tatizo lako si msuli hata kidogo. Ni mafuta ya shavu yaliyopungua na kushuka, pamoja na mfupa wa chini yake ambao nao hupungua kwa umri. Hapo botoksi haina la kufanya.

Mfereji huo ndio ninaoletewa kuliko kitu kingine. "Dokta, nichome botoksi hapa," mama mmoja aliniambia, akionyesha pande zote mbili za mdomo. Nikamjibu, "Mama, nikichoma hapo hutaweza kutabasamu sawasawa, na mfereji utabaki nao." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo yule wa saluni angenichoma nini?" Swali zuri sana.

Sumu inayolaza msuli

Botoksi ni jina la biashara ambalo watu wamelichukua na kulibandika kwa kila kitu. Dawa yenyewe ni sumu ya botulinamu, itokayo kwa bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, yuleyule anayeua watu kupitia chakula cha kopo au soseji zilizoharibika. Justinus Kerner, daktari wa Kijerumani aliyekuwa pia mshairi, aliieleza sumu hiyo ya soseji mwanzoni mwa miaka ya 1820, na tangu hapo akawaza kwamba kiasi kidogo sana chake kingeweza kuwa dawa. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitumia kunyoosha makengeza, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaipitisha kwa kazi hiyo na kwa kope zinazokakamaa. Urembo haukuwa kwenye mpango. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa na mgonjwa wa kope aliyetaka achomwe na katikati ya nyusi pia, kwa kuwa kila alipochomwa hapo uso wake ulionekana umetulia. Mume wa Jean, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Makala yao kuhusu kulaza ndita kwa sumu hii ilitoka 1992, na FDA ikaruhusu matumizi ya kulaza ndita mwaka 2002.

Inavyofanya kazi ni hivi. Msuli hujikunja ukipokea kemikali inayoitwa asetilikolini, ambayo humwagwa na ncha ya neva. Sumu hii huingia kwenye ncha hiyo na kukata protini inayoiwezesha kemikali kutoka. Amri haifiki, msuli unalala. Neva yenyewe haifi; hujirekebisha polepole, na ndiyo maana baada ya miezi 3 hadi 4 ndita hurudi. Matokeo huanza kuonekana siku chache baada ya kuchomwa na hukamilika kwenye wiki ya pili. Bibi harusi anayekuja Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi namrudisha nyumbani.

Kipimo ni yuniti. Kwa ndita za katikati ya nyusi, dawa ya Botox hutumika yuniti 20, zikigawanywa sehemu 5. Ya Dysport, sumu hiyohiyo ya kampuni nyingine, kwa eneo lilelile ni yuniti 50. Yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine, kwa hiyo anayekutangazia "yuniti 50 kwa bei ya 20" huenda hajakupa hata tone la ziada. Dawa huja kama unga mkavu ndani ya kichupa, ikatunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na huyeyushwa kwa maji ya chumvi ya hospitali kabla ya kutumika. Katika mji ambao umeme hukatika, kuuliza habari za friji na jenereta si utovu wa adabu.

Kuna jambo moja linalowakera wateja wangu: nikikataa kulaza paji la uso lote. Msuli wa paji ndio unaonyanyua nyusi. Kwa mtu mwenye miaka 55 ambaye kope zimeanza kulegea, msuli huo unafanya kazi kutwa nzima ili macho yabaki wazi, na mistari ya paji ni matokeo ya kazi hiyo. Nikiulaza wote, mistari itaondoka na nyusi zitashuka, naye ataonekana mchovu kuliko alivyokuja. Hapo huchoma kidogo tu, juu, au nisichome kabisa. Dawa ikipenya hadi pasipokusudiwa, kope ya juu inaweza kushuka. Huudhi sana, lakini hupona yenyewe ndani ya wiki kadhaa.

Mjamzito na anayenyonyesha simchomi. Mwenye ugonjwa wa myasthenia gravis, unaolegeza misuli, simchomi pia. Na kama uko kwenye sindano za antibiotiki ya jentamaisini, niambie, kwa sababu dawa za kundi hilo huongeza nguvu ya sumu hii. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache kwa ajili ya urembo bila ruhusa ya daktari aliyekuandikia. Afadhali utoke na mvilio kidogo.

Fila, na mshipa usiouona

Penye upungufu wa nyama ndipo inapoingia fila, yaani sindano ya kujaza. Inayotumika zaidi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na ambacho hushika maji. Hudumu miezi 6 hadi mwaka na nusu hivi, kutegemea aina na mahali ilipowekwa. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba inayeyushika: kuna dawa inayoitwa hayaluronidesi, ukiichoma palepale jeli huvunjika. Fila nyingine hazina dawa ya kuziyeyusha. Silikoni ya maji, ambayo FDA haijawahi kuikubali kwa kujaza uso, huweza kuleta vinundu vigumu miaka mingi baada ya kuchomwa, na kuvitoa ni kazi ya kisu.

Sasa hatari. Uso umejaa mishipa ya damu, na baadhi yake imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya ateri, au ikaibana, ngozi inayotegemea mshipa huo hukosa damu na inaweza kufa. Jeli ikisukumwa kurudi nyuma hadi kwenye mshipa wa jicho, mtu anaweza kupofuka palepale kitini, na muda wa kuliokoa jicho huhesabiwa kwa dakika. Sehemu za kuogopwa zaidi ni pua na katikati ya nyusi. Vitabu vinasema ngozi hupauka, kisha huwa na michoro ya zambarau mithili ya wavu. Lakini vingi viliandikwa kwa picha za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu weupe huo ni rahisi kukupita, hivyo mimi hubonyeza ngozi na kutazama damu inarudi kwa kasi gani, na hufunua mdomo kuangalia rangi ya fizi na ya ndani ya mdomo. Maumivu makali yasiyolingana na sindano ndogo nayo ni kengele.

Kwa hiyo kama utamuuliza mchomaji swali moja tu, muulize hili: hayaluronidesi iko humu chumbani, sasa hivi? Akisema anaweza kuiagiza, chukua mkoba wako.

Wapo ninaowachoma fila ambao kwao neno urembo halitoshi. Miaka ya 2000 watu wengi Afrika Mashariki walianzishiwa dawa za VVU zenye stavudini. Zilinusuru maisha, ila kwa baadhi yao ziliyeyusha mafuta ya usoni: mashavu yakabonyea, mifupa ikajitokeza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iondolewe taratibu, lakini mafuta yaliyopotea hayarudi vizuri hata dawa ikibadilishwa. Mtu ana virusi vilivyofubazwa kabisa, ana nguvu, anafanya kazi, na bado mtaani wanamsoma usoni. Sindano ya asidi ya polilaktiki, iliyopitishwa na FDA mwaka 2004 kwa tatizo hilohilo, haijazi papo kwa papo. Huuchochea mwili ujenge kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, kwa miezi kadhaa, na huchomwa kwa awamu. Bei yake ni mlima. Ningefurahi kuona siku moja bima inaitambua kama tiba.

Wasiohitaji sindano

Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni kinga ya kweli. Ngozi nyeusi huchelewa kupata makunyanzi madogomadogo yanayowasumbua Wazungu tangu wakiwa na umri wa miaka 30 na kitu. Kwetu umri huanza kuonekana kwenye rangi isiyolingana, mabaka, na mashavu kushuka. Mabaka hayasikii botoksi wala fila. Yanataka losheni ya kujikinga na jua ya kila asubuhi, yenye kipimo cha kinga cha SPF 30 kwenda juu, na ikiwezekana ile yenye rangi ya ngozi, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaochochea mabaka. Usiku, krimu ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, kidogo kidogo, isipokuwa kwa mjamzito. Ni tiba ya kuchosha, ya miezi, na haipigwi picha ya kabla na baada ya saa moja. Hufanya kazi.

Halafu kuna mkorogo. Mwenye kutumia mkorogo wenye steroidi kwa miaka huja na ngozi nyembamba, vimishipa vyekundu vinaonekana, makunyanzi yamewahi. Ngozi hiyo ikiguswa na sindano huvilia damu na huchelewa kupona. Kwanza tunaachana na mkorogo, taratibu, kwa usimamizi, maana ukiukata ghafla uso huwaka moto. Sindano tutaongea baadaye. Na dripu za kung'arisha, zile za glutathioni, si tiba ya makunyanzi. FDA imeshaonya kuhusu sindano za kubadilisha rangi ya ngozi, na mimi siziweki.

Madaktari wa ngozi ni wachache. Kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha tangu 1992, na bado hatutoshi, hivyo pengo limejazwa na saluni na vyumba vya hoteli ambamo mchomaji hufika Ijumaa na kuondoka Jumapili. Usidhani ni sisi tu. Mwaka 2024 botoksi bandia iliwalaza watu hospitali katika majimbo kadhaa ya Marekani. Mwaka huohuo taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa taarifa ya wateja wa spa moja ya New Mexico walioambukizwa VVU kupitia sindano za damu za usoni. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina, mingine ndani ya friji pamoja na chakula. Hapa Tanzania, dawa inapaswa kuwa imesajiliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, na daktari kuwa na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kichupa kifunguliwe mbele yako. Piga picha lebo yake, uondoke nayo.

Siku yenyewe haina mambo mengi. Unaosha uso, nakuomba ukunje ndita, ushangae, ucheke, huku nikitia alama kwa penseli nyeupe. Sindano ni ya geji 30, nyembamba mno. Wenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba, waniambie, ila sindano hizi hazizileti mara kwa mara. Dakika kumi hivi umemaliza, na vivimbe vidogo hunywea kabla hujafika kituoni. Kwa saa 4 usilale, usisugue uso, na gym iache hadi kesho. Baada ya wiki mbili unarudi, unakunja uso tena mbele yangu, na kama nyusi moja imepanda kuliko mwenzake tunaongeza yuniti moja au mbili upande huo.