"Nipigie upya" siyo dawa ya kila kompyuta inayogoma

Wiki hii tu wamekuja watatu na sentensi ileile, "fundi imegoma, nipigie window upya", yaani futa kila kitu uweke mfumo mpya. Na kompyuta yenyewe ina Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, haina Windows yoyote, ila hilo sina shida nalo, ndo tunavyoongea mtaani. Kinachoniumiza ni hiyo "upya".

Jamani, ukipiga upya unafuta logi zote, yaani kumbukumbu ambazo kompyuta inajiandikia, zilizokuwa zinasema tatizo ni nini, na mafaili yako yanaondoka kama hukuweka bakapu, halafu kama chanzo ni RAM mbovu au diski inayokufa kiko palepale, utarudi tena na hela nyingine.

Juzi kaja mama mmoja kutoka Nzuguni hapa Dodoma, CPU kaifunga khanga nyuma ya boda, anauza nafaka na mahesabu yote yamo humo. Akiingiza paswedi skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu inamrudisha palepale kwenye paswedi. Fundi wa kwanza alishamwambia ipigwe. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, ikaja skrini ya maandishi matupu, nikamwambia mama ingiza jina na paswedi yako, ikakubali, kwa hiyo paswedi haina kosa. Nikaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, mstari wa / (sehemu kuu ya diski) unasoma 100%. Diski imejaa, basi! Desktop ikiwaka lazima iandike vifaili vyake vidogo, ikikosa pa kuandika inaanguka na wewe unarudishwa mlangoni. Nikapiga sudo apt clean kufuta mafaili ya usakinishaji yaliyobaki, kisha sudo journalctl --vacuum-size=200M kupunguza logi za zamani, nikawasha tena, akaingia, mauzo yake ya mtama yapo yote. Alishaanza kulia yule mama.

Kwa hiyo kabla ya kuita fundi, chukua daftari uandike ilikuwa saa ngapi na ulikuwa unafanya nini. Hili la saa nalisisitiza kila siku na watu wanalipuuza. Ukiniambia ilikwama saa nne na dakika arobaini asubuhi, siku hiyohiyo naandika amri ya kusoma logi, journalctl --since "10:35" --until "10:45" na nasoma dakika kumi tu badala ya maelfu ya mistari (logi zinahesabu saa ya kizungu, usichanganye). Kama ilikwama mpaka ukaizima kwa kitufe, journalctl -b -1 -e inakuonyesha mwisho wa ile safari iliyopita kabla haijazimwa.

Kuripoti bagi, yaani kosa lililomo ndani ya programu, ni kazi ya maprograma? Siyo kweli, wao hawana kompyuta yako. Kwenye Ubuntu unaandika ubuntu-bug na jina la programu, mfano ubuntu-bug nautilus (ile programu ya kufungulia mafolda), inakukusanyia matoleo na taarifa yenyewe. Wewe eleza ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea nini, kikatokea nini. "Haifanyi kazi" siyo ripoti! Na bagi moja ripoti moja, usiwabebeshe printa, sauti na waifai kwa pamoja. Ukikuta mwenzako kashairipoti, sema pale kwamba inakupata na wewe, usifungue nyingine. Pitia logi kabla ya kutuma, isije ikawa na paswedi yako ndani.

Wengine wanasema Linux haina virusi kwa hiyo ikizima ghafla lazima iwe bagi. Siyo kweli, fungua ubavu kwanza uangalie feni. Kwa vumbi hili la Dodoma nimeshatoa humo blanketi zima, joto likizidi mashine inajizima yenyewe.

Na wale wa "apdeti imeua kompyuta", mara nyingi kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani bado ipo. Wakati inawaka shika Shift, au gonga Esc kwa mashine za UEFI (yaani nyingi za kisasa), ingia Advanced options for Ubuntu, chagua yenye namba ndogo. Ikiwaka vizuri na hiyo, andika namba zote mbili kwenye ripoti yako, hapo umemrahisishia sana atakayeitafuta hiyo bagi.